Gofu na Hame: Uhakiki wa Picha za Majengo Yaliyoachwa kwa Kurejelea Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utanzu wa picha za majengo yaliyoachwa, zikiwemo picha za hospitali kongwe za wagonjwa wa akili, kwa kuutazama kutoka Sumbawanga na uwanda wa Ufipa. Hoja kuu ni kwamba utanzu huu una ustadi mkubwa wa kuonesha gofu, yaani hali ya jengo, lakini una udhaifu wa kimsingi katika kueleza hame, yaani tendo la watu kuhama. Tofauti hiyo, ambayo imo katika msamiati wa Kiswahili chenyewe, inatumiwa hapa kama kipimo cha uhakiki. Vinavyochambuliwa ni boma la Kasanga, ngome ya Karema, matanuri ya chuma ya Wafipa, hospitali za Lutindi na Mirembe, na mahame ya Operesheni Vijiji. Makala yanahitimisha kwamba picha ya gofu hukamilika pale inapoambatana na maneno yanayomtaja aliyejenga, aliyehama na aliyebaki.

1.0 Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita, kuingia katika majengo yaliyoachwa na kuyapiga picha kumekuwa utanzu wenye kanuni zake. Kiwanda kisicho na mashine, ukumbi ulioporomoka dari, wodi yenye vitanda vya chuma vilivyoshika kutu: hizo ndizo mandhari zake. Kitabu cha Yves Marchand na Romain Meffre kuhusu magofu ya Detroit (2010), na kile cha Christopher Payne kuhusu hospitali za serikali za wagonjwa wa akili nchini Marekani (2009), ni miongoni mwa kazi zilizoupa utanzu huu hadhi ya sanaa. Kanuni zake hujirudia: mwanga wa upande unaopenya dirisha lililovunjika, rangi inayobanduka ukutani, kitu kimoja kidogo kilichosahauliwa sakafuni na, zaidi ya yote, kutokuwapo kwa mtu.

Wahakiki wa Detroit wamekwisha kuulalamikia utanzu huu kwamba hugeuza umaskini wa watu kuwa pambo. Lalamiko hilo ni la haki, lakini halitoshi kuwa uhakiki. Linahukumu nia ya mpigapicha kabla ya kuichambua picha, na halituambii ni kitu gani hasa ambacho picha ya gofu haiwezi kukisema. Makala haya yanalishughulikia swali hilo la pili.

Uwanda wa Ufipa umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, uwanda huu, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, una mabaki ya aina nyingi katika eneo lisilo kubwa: ngome za wageni, misheni, matanuri ya chuma na vijiji vilivyohamwa. Pili, Sumbawanga ina sifa inayoitangulia. Jina la mji wenyewe hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi, na katika mazungumzo ya kila siku nchini mji huo hutajwa pamoja na wachawi na radi. Mahali penye sifa ya namna hiyo ni rahisi sana kwa jengo bovu kupewa mzimu kabla halijapewa historia. Kwa hiyo hasara ya picha isiyo na maelezo ni kubwa zaidi hapa kuliko penginepo.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala haya hayaanzi na nadharia ya kigeni na kuitafutia mifano. Yanaanza na maneno matatu ya Kiswahili: gofu, hame na tongo. Gofu ni jengo lililobaki kiunzi. Neno hilo hutumika pia kwa mwili, kwani mtu aliyekondeshwa na maradhi husemwa kuwa amebaki gofu. Kinachotajwa ni hali, na hali hiyo inaweza kuonekana kwa jicho bila kuuliza swali lolote. Hame ni neno la jamii nyingine. Limetokana na kitenzi kuhama, na kila kitenzi hudai mtenda. Anayesema mahali fulani ni hame amekwisha kukiri kwamba kulikuwa na watu, kwamba waliondoka, na kwamba kulikuwa na sababu na mahali walikoelekea. Tongo, ambalo husikika zaidi katika wingi wake, matongo, liko karibu na hame, nalo huelekeza kwenye ardhi iliyokuwa makazi hata kama hakuna ukuta uliosimama.

Tofauti hii ya Kiswahili inakaribiana na ile aliyoieleza Ann Laura Stoler (2008) alipotaka watafiti waache kulitazama gofu kama kitu na walitazame kama mchakato unaoendelea kuwaumiza walio hai. Faida ya kuanzia kwenye maneno yetu ni kwamba hayahitaji kuelezwa kwa mzee wa Kasanga. Yeye tayari anajua kwamba gofu na hame si kitu kimoja.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina kazi kuu kuhusu magofu, iliyotungwa kabla kamera haijabuniwa. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anautazama mji wa Pate ulioanguka. Madaka yaliyopambwa kwa vyombo vya thamani yamekuwa vitanda vya makinda ya ndege, na kumbi zilizojaa wageni zimeachiwa wadudu. Kwa juujuu, taswira hizi ni zilezile za mpigapicha wa leo. Hata hivyo, mambo mawili yanazitenga. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, hivyo gofu ni kioo chake, si kitu cha mbali cha kustaajabiwa. Tena anawataja waliokaa humo na kuuliza walikokwenda. Shairi linaanza na gofu na kulisukuma mpaka liwe hame.

Hata hivyo, shairi hilo lisitumiwe kama kipimo kisicho na dosari. Wanaotajwa kwa majina ni wakubwa wa Pate. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa hawana nafasi hiyo. Aidha, shairi ni la mwambao, la Kiislamu na la nyumba za mawe, ilhali Ufipa ni bara, wengi wa watu wake ni Wakristo Wakatoliki, na ujenzi wake wa jadi ni wa udongo. Kwa sababu hiyo, kipimo kinachochukuliwa hapa ni mwendo wa shairi, yaani kutoka kwenye hali kwenda kwenye tendo, na si maudhui yake yote. Kasoro yake kuhusu wajenzi itarejewa katika sehemu ya 7.0.

3.0 Boma la Kasanga: Nani Aliyehama?

Kasanga, kwenye mwambao wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika, ndipo penye mabaki yanayofaa zaidi kanuni za utanzu huu. Wajerumani walijenga hapo kituo chao cha kijeshi na kukiita Bismarckburg, jina ambalo walikuwa wamekwisha kulitumia kwa kituo kingine huko Togo. Otto von Bismarck, aliyeuongoza Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, hakuwahi kufika Togo wala Ufipa. Jina hilo lilikuwa muhuri uliopigwa mara mbili kwenye nchi mbili. Mwezi Juni 1916, majeshi ya upande wa Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yalilizingira boma, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa njia ya ziwa. Baadaye makao ya utawala wa wilaya yalipanda juu kwenye uwanda, Sumbawanga, na Kasanga ikarudiwa na jina lake.

Mpigapicha anayefuata kanuni za utanzu atapata hapa kila anachokitaka: mawe, majani yanayopanda ukutani, nafasi za madirisha, na ziwa la buluu nyuma yake. Picha itakuwa nzuri na itakuwa ya huzuni. Hapo ndipo uhakiki unapoanza, kwa sababu huzuni ni hoja. Picha ya ukuta mtupu inamwomba mtazamaji asikitike kwa ajili ya waliotoweka. Katika Kasanga, waliotoweka ni maofisa wa dola iliyotawala kwa nguvu. Hakuna mwenyeji aliyewahi kuombwa kulia kwa ajili ya kuondoka kwao, lakini lugha ya picha inaomba hivyo bila kujua. Umbo la maombolezo linabaki lilelile, awe aliyeondoka ni mgonjwa, mfanyakazi wa kiwanda au mtoza kodi.

Kosa la pili limo katika neno "lililoachwa". Maboma ya Kijerumani, kwa jumla, yalijengwa kwa nguvu za wenyeji, wengi wao wakifanya kazi kwa shuruti au kwa ajili ya kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Aliyeliacha boma ni mkaaji wake. Wajenzi hawakuhama. Vizazi vyao vinavua dagaa, vinapakua mizigo bandarini na vinapita kando ya kuta hizo kila siku. Kwao, jengo halikuachwa, bali walioachwa ni wao, pamoja na jengo. Picha inayomwondoa mvuvi kwenye fremu ili ukuta upate upweke wake inamfuta mtu pekee mwenye uhusiano wa kweli na mawe hayo.

Kazi ya Guy Tillim, Avenue Patrice Lumumba (2008), inaonesha kwamba kosa hili si la lazima. Tillim alipiga picha za majengo ya kisasa yaliyochakaa nchini Msumbiji, Kongo, Angola na kwingineko, lakini ndani yake kuna makarani mezani, mafaili, nguo zilizoanikwa. Mtazamaji hawezi kudhani kwamba mahali hapo pamekufa. Uchakavu unabaki, ila unakuwa mazingira ya kazi ya mtu, na swali linalozuka ni la kisiasa: kwa nini anafanya kazi katika hali hii?

4.0 Karema na Liemba: Vitu Vilivyokataa Kuwa Magofu

Utanzu huu una upofu mwingine: hauoni jengo lililobadilishiwa kazi. Ngome ya Karema ilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita White Fathers, na ikawa kiini cha misheni. Hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, Karema ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, na historia ya kanisa la Ufipa haiwezi kutenganishwa nayo.

Hapo Karema ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, na kufika Karema mwaka 1889. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya madai ya mfalme wa Ulaya ikawa mahali ambapo Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa aliwatibu wenyeji. Hadithi hii ni nzito kuliko ya gofu lolote, lakini mpigapicha wa magofu hana la kufanya nayo, kwa sababu jengo lenye watu halina upweke.

Meli ya Liemba ni mfano wa pili. Ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaunganishwa Kigoma, na mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Ilikaa chini ya maji kwa miaka kadhaa, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa. Tangu hapo imebeba abiria, dagaa na mahindi, na Kasanga imekuwa miongoni mwa vituo vyake. Boma na meli ni mabaki ya dola moja na vita vimoja. Boma lina mvuto wa picha kwa sababu limekufa. Meli ina maana kubwa zaidi kwa watu wa mwambao kwa sababu ilifufuliwa. Utanzu unaochagua la kwanza na kulipita la pili umefanya uamuzi wa kinadharia, hata kama mtendaji wake anadhani amefuata jicho lake tu.

5.0 Matanuri ya Malungu: Gofu Lisilosomeka

Mabaki ya pekee zaidi ya uwanda wa Ufipa ni matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo kwa Kifipa huitwa malungu, umoja ilungu. Ilungu ni mnara wa udongo unaozidi kimo cha mtu, wenye matundu chini ambamo mirija ya udongo ilipitisha hewa. Haukuhitaji mivukuto, kwani urefu wake wenyewe uliuvuta upepo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikahamishiwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilivuviwa kwa mivukuto, na mwishowe mhunzi akafua jembe. Utafiti wa Bertram Mapunda (1995) na wa Randi Barndon (2004) umeeleza mbinu hizi pamoja na miiko iliyozizunguka. Tanuri lilichukuliwa kuwa mwanamke anayezaa chuma, na kazi ya kuyeyusha ilikuwa na masharti kama ya uzazi.

Kwa kamera, ilungu ni kesi ngumu. Mtazamaji asiyeelezwa ataona kichuguu. Jengo la mawe hujitangaza lenyewe kuwa ni jengo, kwa kuwa macho ya dunia nzima yamefundishwa kuisoma nguzo na dirisha. Mnara wa udongo uliopasuka na kuota majani hauna bahati hiyo. Mavi ya chuma yaliyotapakaa pembeni yake ni mawe meusi tu kwa asiyejua. Kwa hiyo picha ya ilungu huonesha wazi jambo ambalo picha ya boma hulificha: kwamba picha ya gofu haijitoshelezi kamwe. Boma linaonekana kujieleza kwa sababu mtazamaji amekuja na maelezo yake kutoka kwingine, aliyoyapata kwenye picha nyingine za ngome. Ilungu linamnyima msaada huo, na linamlazimisha kuuliza.

Hapa kuna jambo linalohitaji kutetewa kwa nguvu. Uyeyushaji wa chuma katika Ufipa ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chini ya utawala wa kikoloni na ushindani wa majembe ya madukani. Hata hili ni hame, ingawa hakuna kijiji kilichohama. Kilichohama ni ujuzi. Tofauti na boma, lililobomoka baada ya wageni kukimbia, ilungu limebomoka kwa sababu wageni walikaa. Albamu moja ikiyaweka mabaki haya mawili bega kwa bega, yote kwa mwanga uleule wa jioni na kwa ukimya uleule, itakuwa imemlinganisha mshindi na aliyeshindwa kwa sababu tu wote wana nyufa.

6.0 Hospitali za Wagonjwa wa Akili: Gofu Lisilokuwapo

Tawi mashuhuri la utanzu huu ni picha za hospitali kongwe za wagonjwa wa akili. Payne alizuru hospitali 70 katika majimbo 30 ya Marekani kati ya 2002 na 2008. Picha yake inayokumbukwa ni ya miswaki ya wagonjwa iliyotundikwa kwa safu. Hakuna uso hata mmoja, lakini mtazamaji anahisi vinywa vingi. Huu ni ustadi usiobezwa.

Swali la uhakiki ni kwa nini majengo hayo yalikuwa matupu. Kuanzia miaka ya 1950, dawa mpya, gharama, malalamiko kuhusu mateso ya wagonjwa, na hatimaye sheria ya 1963 iliyotiwa saini na Rais Kennedy, vilisababisha hospitali hizo kuondolewa wagonjwa. Gofu la hospitali ya Marekani ni matokeo ya sera, na sera hiyo iliwezekana kwa sababu hapo awali vilijengwa vitanda vingi mno.

Atakayepeleka kamera yake Rukwa akitafuta gofu la namna hiyo amebeba historia ya nchi nyingine. Taasisi ya zamani zaidi ya aina hii nchini, Lutindi katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Inafanya kazi hadi leo. Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Hizi ni taasisi zenye umri wa kuwa magofu, lakini haikupatikana anasa ya kuziacha. Mgonjwa wa Sumbawanga aliyepewa rufaa huenda Mirembe, safari ndefu kutoka kwa ndugu zake. Kwa hiyo ukosefu wa gofu hapa ni ushahidi wa uhaba. Picha za majumba matupu ya Marekani haziwezi kutufundisha kuuona uhaba huo, maana zimetokana na wingi.

Hatari ni kwamba, pasipokuwa na jengo, mtazamo wenyewe husafiri bila jengo. Picha ya kutisha ya wodi tupu hutegemea dhana kwamba kichaa ni mzimu, kwamba aliyewahi kulala hapo bado anapiga kelele ukutani. Dhana hiyo ikikutana na sifa ya Sumbawanga ya uchawi, inapata udongo wenye rutuba. Mgonjwa wa akili ambaye tayari anashukiwa na jirani yake kuwa amerogwa hahitaji taswira nyingine ya kumfanya awe kitisho. Hapo ndipo jambo la ujumi linapogeuka kuwa jambo la afya ya watu.

Kuna mfano wa njia iliyo bora. Mwaka 1995, katika hospitali ya Willard, jimbo la New York, yalikutwa masanduku ya safari takriban 400 ya wagonjwa waliokaa humo miaka mingi. Jon Crispin aliyapiga picha, naye alibanwa na sheria za faragha zisizomruhusu kuonesha majina kamili. Darby Penney na Peter Stastny, katika kitabu chao cha 2008, walichukua njia ndefu zaidi: walifuata kumbukumbu za baadhi ya wenye masanduku na kuandika maisha yao. Picha ilionesha sanduku. Maandishi yalimrudisha aliyelifungasha. Kwa istilahi za makala haya, ya kwanza ilitupa gofu na ya pili ikatupa hame, na hakuna iliyoiondolea nyingine thamani.

Nchini Tanzania, jirani wa karibu wa mfano huo ni Amani, kituo cha utafiti cha Usambara kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Evgenia Arbugaeva alikipiga picha katika miaka ya 2010, na wanazuoni waliokusanywa na Paul Wenzel Geissler na wenzake katika Traces of the Future (2016) wamekiandikia. Kazi hizo zinakubaliana katika jambo moja: kituo kinachoonekana kimelala kina wafanyakazi wanaokifagia, wanaokilinda na wanaokumbuka. Maabara kimya bado ina mwenye funguo.

7.0 Mahame Yasiyo na Magofu, na Kiti cha Milanzi

Mtihani wa mwisho wa utanzu huu ni hame lisilo na gofu. Kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, na Rukwa haikusalimika. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliwaeleza Wafipa kuwa ni watu ambao tayari waliishi katika vijiji vilivyosongamana. Kwa jamii kama hiyo, amri ya kuhamia kijijini haikuwa na maana ileile iliyokuwa nayo kwa watu walioishi mbalimbali. Ilimaanisha kuacha kijiji kwa ajili ya kijiji. Nyumba ya udongo ikiachwa bila paa, mvua za misimu michache huirudisha ardhini. Kinachobaki ni mawe ya kusagia, makaburi, na mti ambao aliyeupanda bado anajulikana kwa jina.

Kamera ikielekezwa hapo itaonesha shamba. Hapa ndipo udhaifu tulioueleza tangu mwanzo unapokuwa dhahiri kabisa: uhamaji mkubwa kuliko wote katika historia ya karibuni ya nchi hii hauna gofu la kuonesha, huku boma la wageni wachache lina picha tele. Tukiacha magofu yatuamulie historia ipi inastahili kutazamwa, tutakuwa tumekubali kwamba anayestahili kukumbukwa ni yule aliyekuwa na mawe.

Fasihi simulizi ya Wafipa ina simulizi inayolitazama suala hili kutoka upande wa mwenyeji. Katika masimulizi ya Milanzi, kama Willis (1981) alivyoyaandika na kuyachambua, mfalme wa Milanzi hayupo nyumbani. Yuko mawindoni. Wanawake watatu wageni wanafika kutoka mbali na kukikalia kiti cha ufalme. Anaporudi, jambo limekwisha kutendeka. Wageni wanapata utawala wa nchi, na yeye anabaki na Milanzi pamoja na heshima ya ukongwe wake.

Simulizi hii imefasiriwa zaidi kama hati ya siasa, yenye kueleza uhusiano wa nasaba mbili za watawala. Hapa inasomwa kama fundisho kuhusu nyumba. Kiti kisicho na mtu si kiti kisicho na mwenyewe. Mgeni hachukui nchi kwa vita, anaichukua kwa kuketi, na kuketi kwake kunawezekana kwa sababu amekusoma kutokuwapo kwa mwenyeji kama ruhusa. Mpigapicha anayeingia katika jengo "tupu" anarudia tendo hilo. Lakini simulizi haiishii kwenye lawama. Mwenyeji anarudi, na anabaki na kitu ambacho mgeni hawezi kukikalia: Milanzi yenyewe, yaani asili na simulizi. Anayesimulia habari hizi leo hafanyi hivyo kwa sauti ya waliofika tu. Hapo ndipo simulizi ya Ufipa inapoziba pengo la Al-Inkishafi. Shairi la Pate linawauliza wakubwa walikokwenda. Simulizi ya Milanzi inamkumbuka aliyebaki.

8.0 Hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba picha ya gofu, hata ikiwa bubu, ni kumbukumbu. Ukuta wa leo utaanguka kesho, na ilungu lililopasuka halitasimama milele. Pingamizi hili ni la kweli, na makala haya hayadai kamera iwekwe chini. Kinyume chake, malungu yangepaswa kupigwa picha zaidi, na mapema. Kinachodaiwa ni kwamba kumbukumbu ya kitu haigeuki kuwa kumbukumbu ya watu kwa uzuri wake pekee. Kazi hiyo hufanywa na maneno: maelezo chini ya picha, jina la Kifipa la kifaa, ushuhuda wa anayeishi jirani.

Kwa mhakiki wa fasihi na sanaa ya Kiswahili, hitimisho hili lina matokeo matatu. La kwanza, maelezo ya picha yachukuliwe kuwa matini kamili yenye msimulizi, wahusika na ukimya, na yahakikiwe kama yanavyohakikiwa matini mengine. La pili, neno "lililoachwa" lisikubaliwe kabla ya kujibu maswali ya kitenzi: nani alihama, kwa amri ya nani, na nani alibaki. La tatu, maskani ya Ufipa yasiyo na ukuta, yaani matongo ya udongo na mashamba yaliyokuwa vijiji, yaingizwe katika utafiti wa mabaki kwa kutumia fasihi simulizi pale ambapo kamera imefika mwisho wa uwezo wake. Wazee waliohamishwa wakiwa vijana wakati wa Operesheni sasa wana miaka sabini na zaidi. Kuta za Kasanga zinaweza kumsubiri mtafiti. Wazee hao hawawezi.